Mstari Uliomezwa na Jina la Hezekiah

S.L.P. 41,
Kabianga,
Kericho.

Jumamosi, 9 Oktoba 1999

Mpendwa ndugu yangu Weldon,

Chamgei, salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na roho, na kwamba baridi ya huko Minnesota haijakushinda. Masomo je? Unakula vizuri? Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vya kutosha na majani ya chai yamefunga shamba. Mguu wa Mama umepata nafuu. Sasa anafika zizini bila fimbo.

Najua umejiuliza kwa nini hatukujibu imeili yako ya mwezi uliopita. Ukweli ni kwamba kwa siku nane Mama hakutaka jina lako litajwe nyumbani. Usishtuke, yameisha. Lakini ni haki yako kujua, na mimi nisipomsema Hezekiah nitapasuka.

Hezekiah ndiye mwenye ile ofisi ya kompyuta mjini Kericho ambako imeili zako hufikia. Wewe hujamwona, na hujapoteza kitu. Mtu mfupi, tai ndefu, kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akiandika kwa mkono. Aligundua kwamba kompyuta inaweza kuweka maneno ya kudumu juu na chini ya kila karatasi inayochapishwa, na tangu siku hiyo hatujapumua. Juu kabisa ni jina lake kwa herufi za bango la krusedi ya injili. Chini ni vitu vinne: Mtaalamu wa Kompyuta, Faksi na Mambo ya Kisasa, Karibuni Wasomi, na picha ya simba. Jina la anayetuma na tarehe huvikata. Anasema vinachafua ukurasa. Jirani yetu Bilhah aliletewa habari za kifo cha kaka yake, na chini yake simba amekenua meno.

Sasa sikia. Unakumbuka Baba Mdogo Johana alianza kutangaza kwamba umemruhusu auze shamba la chini. Alishapata mnunuzi, Momanyi, yule mwenye duka la mbolea. Wazee wakapanga kikao, na ndiyo maana nilikuomba uandike haraka. Imeili yako ilipofika, nilimwambia Hezekiah aichapishe na kuifunga bahasha kwa gundi bila mimi kuisoma, ili Baba Mdogo asije akadai nimeibadilisha. Nilijiona mjanja sana. Mjinga mkubwa.

Niliifungua mbele ya wazee na kuisoma kwa sauti. Salamu zako, habari za theluji, watu wakacheka. Halafu mwisho wa ukurasa wa kwanza: "Kuhusu shamba la chini, nimekubali Baba Mdogo Johana…" Nikageuza karatasi. Ukurasa wa pili ukaanza: "aliuze kwa mtu yeyote."

Weldon, niliigeuza karatasi tena na tena kutafuta maneno mengine.

"Soma tena, mwalimu," Baba Mdogo akasema. Hata yeye alikuwa ameshangaa, na mshangao ukageuka kicheko hapohapo. Nikasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale. Mama aliinuka, akajifunga leso, akatoka na ule mguu wake mbovu bila kumshika mtu. Baba Mdogo alitaka karatasi zitiwe sahihi palepale. Momanyi ndiye aliyekataa. "Tungoje wiki moja," alisema. "Sinunui shamba ambalo mama ametoka akililia."

Usiku ule sikulala, na wala sikuamini. Ulikuwa umeandika mbele kidogo, "Nataka Mama abaki nalo maisha yake yote." Mtu anauzaje shamba na mama yake abaki nalo? Nilimsomea Mama maneno hayo. Aliniambia nisimtetee mtoto aliyemuuza akiwa hai. Siku nane alikaa hivyo, chai inapoa mbele yake.

Shule ilipofunga kwa mapumziko mafupi nikaenda mjini.

"Mwalimu, kompyuta haikosei," Hezekiah akaniambia, amesimama kama anahubiri.

"Fungua nione."

Akafungua. Mstari uliopotea ulikuwepo, Weldon! Mstari mzima, kwenye kioo: "achume majani mpaka Mama apone mguu, lakini sikubali kabisa…" Ndipo linafuata hilo "aliuze kwa mtu yeyote."

"Aa, hapo ni nafasi ya maneno yangu ya chini," akasema bila aibu. "Nikiongeza maneno, mstari mmoja wa barua unaingia chini yake na hautoki."

"Ulikuwa unajua?"

"Ni mstari mmoja tu, mwalimu. Wengi hawajali."

Sikumpiga. Nilimwambia ainuke kitini, nikakaa mimi, na yeye akanionyesha mahali pa kupanga kurasa. Ni visanduku viwili tu, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Mtu anayejiita mtaalamu, na utaalamu wake wote ni visanduku viwili! Nikafuta jina lake. Nikafuta wasomi wake. Akaniomba nimwachie simba walau mdogo. Nikamfuta. Juu nikaandika jina lako na siku uliyotuma, chini namba za kurasa, moja kati ya mbili, mbili kati ya mbili, na mstari wako ukarudi mahali pake. Nilipotoka alinifuata mlangoni, eti anaweza kuniwekea jina langu juu ya barua zetu zote, zawadi. Alidhani nina wivu.

Katika kikao cha pili nilimpa Momanyi mwenyewe asome. Alipofika kwenye "sikubali kabisa" alikunja karatasi zake za mauzo, akaomba radhi kwa Mama, akaenda zake. Baba Mdogo akasema yeye alifuata tu kilichosomwa. Hajakanyaga hapa tangu siku hiyo, na majani tunachuma wenyewe.

Mama aliinuka kikaoni. Alienda kukamua. Jioni alitoa barua zako za zamani sandukuni, zile za shule ya bweni, akazipanga mapajani. Unajua hasomi. Alipitisha kidole juu ya maandishi, akaniambia, "Huyu ndiye yeye. Mwambie aandike kwa mkono, hata ikichukua mwezi kufika."

Shemeji yako Ezra anakusalimu, na mdogo wetu Caren, na Tecla wangu ambaye sasa yuko darasa la tatu. Mungu akulinde huko ugenini, akufungulie akili, akurudishe kwetu mzima.

Mimi dada yako nikupendaye bila kupungua,

Rodah