Jina Pembeni mwa Mvua

Jumatatu, 5 Mei 2025

Uji umeniaibisha leo. Mzee Nakagawa aliniomba nimpikie gundi ya unga wa mchele, ya kuchanganya na rangi ili ishike vizuri ubaoni. Iwe laini, alisema, kama ya kumlisha mtoto. Basi mkono ukaenda wenyewe — nikatia sukari, nikakamulia na limao! Karatasi nne zimenatana, hazibanduki. Na zenyewe zimetoka Japani, zilikuwa ishirini tu.

Nilidhani atanifokea. Akachovya kidole, akaonja, akacheka mpaka machozi. Tangu kiharusi cha Januari sijamsikia akicheka. Akasema gundi ni mbaya, ila kifungua kinywa ni kizuri. Akala bakuli zima, yeye ambaye kila asubuhi namsihi kwa vijiko vitatu.

Nimepika upya. Bila sukari, Leokadia. Bila sukari!

Jumatano, 7 Mei

Niliandike hapa, maana hakuna wa kumwambia. Nakala kumi na mbili za picha ya maonyesho ya Mzee nazichapa mimi. Mchoro ni wake. Mbao alizichonga mwenyewe mwaka jana, tano, kila rangi na ubao wake. Ikabaki kuchapa tu, ndipo mkono wa kulia ukafa. Mimi huu mwaka wa tatu natoka Alexandria kuja hapa Arlington, Virginia, kumwogesha, kumpa dawa, kumtembeza hadi kibarazani. Basi siku moja namfutia vumbi zile mbao, akanipa kile kisahani chake cha kusugulia karatasi juu ya ubao wenye rangi, kimefungwa ganda la mwanzi. Sugua, akasema.

Nikasugua. Akaniuliza nimejifunzia wapi kusukuma kwa bega badala ya kiganja. Kwa masista, Bukoba, nikamwambia! Miaka minne ya kung'arisha sakafu ya bweni kwa nta. Sista alitaka auone uso wake kwenye saruji.

Kazi ina masharti. Karatasi iwe na unyevu, isilowe. Pembe yake ikae kwenye alama iliyochongwa ubaoni, kila rangi, kila mara. Ukikosea kwa upana wa ukucha, mwavuli unamtoka mwenye mwavuli.

Leo ilikuwa zamu ya mbingu. Bluu nzito juu, inafifia, inafifia, mpaka kunabaki weupe. Mara ya tatu ikakubali. Mzee akaivuta karatasi karibu na macho. Kisha: "Better than mine." Bora kuliko yake! Wahaya tunasingiziwa majivuno. Leo sikusingiziwa. Nimekwenda kituoni kifua mbele, basi likanipita kwa sababu nilikuwa natazama mbingu.

Jumapili, 11 Mei

Binti yangu Violet kaja kutoka chuoni College Park, tumekula pamoja baada ya misa. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Kituo cha basi, mwanamke katupa mgongo, mwavuli mwekundu. Mvua bado, ubao wake ni wa mwisho.

"Mama, that's you! Look at the bag."

Nikatazama. Mkoba wangu wa kitenge! Na makalio ni ya ukoo wetu, siwezi kuyakana. Wiki tatu nauchapa mgongo wangu mwenyewe bila kuujua. Kumbe Mzee alikuwa dirishani, ananichora nikisubiri basi. Mwanangu kaniuliza jina langu litaandikwa wapi. Nikamwambia chema chajiuza. Akanitazama vile wanavyotutazama watoto wa huku.

Jumanne, 13 Mei

Siku mbaya. Makena, msimamizi wetu kwenye kampuni ya kutunza wazee, Mkenya, kaja kukagua bila taarifa. Macho moja kwa moja kwenye kucha zangu, bluu tupu.

"Na hii ni nini kwa mikono? Leokadia, tulikutuma umwoshe na umpee dawa. Hakuna mahali imeandikwa uchape mapicha. Wakijua watakutoa hapa, na mimi ndio nitaulizwa."

Nikamwambia namshikia tu karatasi. Namshikia tu karatasi! Si mtu mbaya, Makena, naye ana wakubwa zake. Lakini nikiondolewa Mzee ataletewa mgeni kila wiki, wa kuanza kumfundisha upya wapi panauma. Tangu leo nimeanza kuvaa glavu, hata nikipika.

Mchana ikaja barua ya watu wa ukumbi wa maonyesho, na maneno watakayoweka ukutani. Mzee akaniomba nimsomee. "Imechorwa, imechongwa na kuchapwa na Nakagawa." Nikasoma mpaka mwisho, nikaikunja. Akaomba chai tu. Ningemlaumu vipi, na mimi asubuhi nilishajikana mwenyewe?

Imeniuma. Niandike hivyohivyo. Imeniuma sana.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imenyesha mara kumi na mbili! Ubao wa mvua ni mistari mitupu, myembamba kama uzi, na haikukatika hata mmoja. Nikazianika tukakaa kuzitazama.

Kisha akaniagiza picha ya zamani iliyo chumbani, aliyoachiwa na baba yake. Pembeni ina majina matatu. Aliyechora, aliyechonga, aliyechapa. Wa tatu ni babu yake. Akasema watu hununua kwa jina la kwanza, lakini nyumbani kwao walifundishwa kusoma la tatu.

Akatoa mfukoni kibao kidogo kama kiberiti. Jina langu, herufi zimegeuzwa kama inavyopaswa. Kachonga kwa mkono wa kushoto! Ndiyo sababu ya zile plasta vidoleni mwake. Kumbe jana alinidanganya kwamba kakatwa na kopo.

"Chapa," akasema. "Au usichape. Mchapaji ni wewe."

Nikamweleza ya Makena. Akasema aliyasikia, masikio hayakupooza, na hasira haihitaji mkalimani. Nimekaa pale mpaka chai ikapoa. Nikahesabu ninachoweza kupoteza: nyumba hii, dirisha hili, yeye.

Nikavua glavu. Nikapaka rangi. LEOKADIA, kumi na mbili, pembeni mwa mvua. Herufi ya K imeinama kama imelewa. Sijawahi kuliona jina langu zuri namna hii. Halafu nikapiga simu ukumbini mimi mwenyewe, wakabadilisha maneno.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimekaa kwenye benchi la korido, nje ya ukumbi. Watu wamejaa. Mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu na tai niliyomfunga. Kila anayemuuliza ile mbingu imetengenezwaje, ananinyooshea mkono wa kushoto. Mara ya tano nikatoroka kuja kupumua. Raha nayo inachosha!

Yesu wangu. Makena. Kapita hapa hajaniona. Violet kanitumia ujumbe kutoka ndani: kumbe Mzee ndiye kampigia simu aje!

Namwona kupitia mlangoni. Kasimama mbele ya picha yetu. Katoa miwani. Anasoma maneno ya ukutani. Sasa kainama, kidole karibu na pembe, hakigusi. Violet ananitikisia kichwa: kaa hukohuko.

Anageuka. Ananitafuta.

Choo kiko hatua tatu kutoka hapa. Au niseme akina Leokadia ni wengi.

"Leokadia uko wapi?" Sauti yake, na ukumbi mzima umegeuka.

Nasimama. Bluu iko kwenye kucha zote kumi, na glavu nimeziacha nyumbani.