Nipimie Ngazi ya Mlango wa Jikoni

Nyumba ya mwisho juu ya kilima,
barabara inapoishia.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako niliye mbali. Hujambo wewe? Hawajambo wa hapo nyumbani? Mgongo wako je, bado unakubana asubuhi? Mimi ni mzima kabisa. Meno yangu yote yapo isipokuwa yale mawili unayoyajua, na bado nabeba ndoo mbili za kokoto kwa mpigo bila kupumzika njiani. Vijana wa huku wananitazama tu.

Usishangae kuona barua. Najua simu zipo. Lakini simu ya hapo nyumbani wifi yako huipokea kwa spika, na neno nitakalokuambia halitaki spika. Tena naandika mwenyewe kwa penseli, simwachii mtu. Niliishia darasa la tatu, lakini mwalimu alisema hajapata kuona herufi nene kama zangu. Penye makosa paruke, usinicheke.

Nianzie mwanzo, maana mambo yamenivuruga na nisipoyapanga yatakuvuruga na wewe.

Unajua binti yangu mkubwa na mumewe walinunua nyumba huku ugenini, ya kuja kupumzika mara mbili kwa mwaka. Vyumba vitatu, kuta nyeupe. Iko kileleni, na bustani inaanzia mlango wa nyuma, inateremka mpaka kijitoni. Ni kubwa, Chiriku. Shamba la marehemu baba lingeingia lote na ikabaki nafasi ya kugeuzia trekta. Ila imeinama kama paa. Ukidondosha chungwa mlangoni unakwenda kuliokota kijitoni. Nilipofika ilikuwa miiba, mawe, na nyasi za kufika kiunoni.

Mkwe wetu alikuwa ameshamwita fundi wa bustani, kijana mwenye buti safi na karatasi kubwa. Akapima, akachora, akasema italetwa mashine, na ngazi za kushuka mpaka kijitoni zitakuwa sitini na mbili. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sitini na mbili! Anajenga mnara? Nikasema mimi nimezaliwa kwenye mteremko, nimelima mteremko miaka hamsini, mashine itakuja kunifundisha nini.

"Baba, fundi ana vipimo," akasema mkwe wetu, kwa adabu zake zile.

"Vipimo ninavyo miguuni," nikamjibu. "Sikuviacha nyumbani."

Binti akamwambia mumewe, "Mwache. Ukimbishia atachimba mpaka barabarani."

Wakarudi kazini kwao, wakaniachia nyumba, jiko la gesi, sururu, koleo na toroli. Huu ni mwezi wa tano sasa. Nimeukata mteremko vipande saba vilivyo bapa, kila kimoja kimeshikwa na ukuta wa mawe bila chembe ya saruji. Usawa nimeupata kwa mpira wa maji, ule unaopitisha mwanga: unaujaza, ncha moja unaishika, nyingine unaifunga kwenye kigingi, maji yenyewe yanakuambia ukweli. Kipande cha kwanza nimeweka maua, cha pili maharage, cha tatu maboga, na huko chini miti ya matunda ambayo jina lake kila mtu ananitajia lingine. Kando ya kijito nimejenga benchi la mawe, la watu wawili.

Lakini fahari yangu ilikuwa ngazi. Nilizipima kwa mwili, kama baba alivyotufundisha. Kimo cha kila ngazi ni kutoka wayo wangu mpaka katikati ya muundi. Zikatoka thelathini na nane. Yule na karatasi zake alitaka sitini na mbili!

Mambo ya huku siyaelewi, nikuambie kweli. Watu wanapanda nyasi, wanazimwagilia, zikikua wanazikata, wakishazikata wanazitupa. Nilimuuliza jirani kwa mikono ni mnyama gani anayezila. Akadhani nina njaa, akaniletea mkate. Huyu ni mzee wa rika langu, namwita Bwana Kofia kwa sababu kichwa chake sijakiona bado. Hajui neno letu hata moja, nami lake silijui, lakini tunaongea kila siku.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kichwa kinaponiuma.

Benchi lile sikuliweka bure. Wewe umeishi ua mmoja na wifi yako, unamjua. Tangu nimwoe, akichoka husema jambo lile lile: "Nataka mahali pa kukaa ambapo hakuna anayeniita." Miaka arobaini na sita anasema. Watoto wamemwita, wajukuu wamemwita, na mimi nimemwita kuwashinda wote. Ukikaa kule kwenye benchi, sauti ya nyumbani haifiki. Nimepajaribu. Nilimsimamisha Bwana Kofia mlangoni apige kelele za kutosha, mimi nikakaa chini. Sikusikia hata kikohozi. Nikasema, hapa ndipo pake.

Akaja mwezi wa saba, kaletwa na binti na mkwe wetu, akae miezi miwili. Nikawasimamisha wote mlango wa nyuma, nikanyoosha mkono, nikatangaza, "Thelathini na nane! Atakayeshindwa na hizi, huyo habari yake imekwisha, atafutiwe mkeka akaote jua." Wote wakacheka. Wifi yako naye akacheka.

Nikatangulia. Yeye nyuma, mkono ukutani. Nikafika chini, nikalipangusa benchi kwa koti langu, kugeuka namwona yuko ngazi ya tisa.

"Teremka, mama watoto!"

"Ngoja nitazame maua kwanza."

Nikangoja. Akatazama sana. Halafu akasema, "Kazi nzuri, baba watoto. Kwa leo inatosha." Akageuka, binti akaja kumshika mkono wakapanda.

Siku ya pili nikamwambia twende. Akasema kesho. Kesho ilipofika, jua kali. Kisha viatu vimelowa. Akawa anashinda kwenye kiti cha plastiki pale pale mlangoni, na hapo kila mtu anamwita: mama chumvi iko wapi, mama njoo uone, mama watoto shati langu. Siku ya kumi na mbili akasema amewakumbuka kuku wake. Kuku, Chiriku! Kuku sita, na mmoja hata hatagi! Akaondoka. Mlangoni akaniambia tena, "Kazi nzuri."

Nilikasirika, sikufichi. Hasira ilipoisha nikabaki kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kazi ameisifu mara mbili. Maua ameyatazama mpaka basi. Sasa amekimbia nini? Kanichoka mimi? Nikaona labda maua hayamtoshi. Nikanunua miche kumi na miwili, nikaishusha mpaka ngazi ya tisa, pale pale aliposimama, nikapiga magoti nitafute nafasi katikati ya maua yaliyopo.

Ngazi ya tisa haina ua hata moja. Wala siku ile haikuwa nalo, maua niliyaishiza ngazi ya nne. Pale ni jiwe tupu na sisimizi. Nilikaa nimeshika mche mkononi kama mjinga. Alikuwa anatazama nini?

Siku tatu nimezunguka na swali hilo. Nikachimba shimo ambalo halikuwa na kazi, nikalifukia. Siku ya nne akaja Bwana Kofia na mkate wake. Miezi yote hii tunaongelea juu, hajawahi kushuka. Nikamvuta, nikamwonyesha benchi, twende ukakae kama mtu. Akakubali. Ngazi ya kwanza, ya pili. Ya sita akasimama, mkono ukutani, uso umekunjamana, kisha akatabasamu kama anayepigwa picha, akanionyesha kwa kidole juu ya mti. Ndege. Nikatazama. Hakukuwa na ndege.

Nikamtazama yeye. Mkono ule ukutani nilikuwa nimeshauona.

Alipoona simwachi na macho, akakaa chini akacheka. Akapiga goti lake, akapuliza kama mtu aliyeungua. Akapima kimo cha ngazi kwa kiganja, akakileta kwenye mguu wake: karibu na goti. Akakileta kwangu: katikati ya muundi. Maana yeye ni mfupi, Chiriku. Mfupi kama wifi yako.

Sasa nijibu wewe mwanamke mwenzake. Kwa nini hakusema? Mtu huyu hanyamazi kuhusu chumvi, hanyamazi kuhusu kukoroma kwangu, hanyamazi kuhusu koti langu ambalo halina ubaya wowote. Goti ndilo la kuficha? Linamuuma tangu lini? Wewe ulijua? Nimejaribu kukumbuka ni lini nilitembea nyuma yake badala ya mbele, nikamwona anavyokanyaga. Sipati. Na lile neno langu la mkeka na kuota jua lilikuwa mzaha tu, na yeye alicheka, nilimwona kwa macho yangu haya. Sidhani kama linahusika. Ila linanirudia kila ninapokunywa chai, sijui kwa nini.

Basi Jumatatu nimeshika nyundo nikabomoa ngazi za juu, kumi na nne. Bwana Kofia alikuja mbio, akanishika bega akidhani nimepata wazimu. Zilizobaki nazo zitafuata. Sasa mteremko uko wazi kama kidonda, na mvua za huku zinaanza mwisho wa mwezi ujao. Zikinikuta hivi, udongo wote utakwenda kijitoni na kuta zangu nyuma yake. Mkwe wetu amesema akija akute hapajakaa sawa, anamwita fundi na mashine yake, na mimi natiwa kwenye ndege. Sitaki kuondoka hapa na benchi halijakaliwa na mwenyewe.

Ndiyo sababu ya barua hii. Hapo nyumbani kuna ngazi ya mlango wa jikoni, ile moja ya jiwe. Wifi yako huipanda mara arobaini kwa siku, na sufuria mikononi, na sijawahi kumsikia akiguna wala kumwona ameshika ukuta. Nipimie hiyo. Chukua uzi wa katani, piga fundo chini unapogusa ardhi, piga fundo jingine juu ya jiwe, uvute usilegee. Mafundo mawili. Halafu uzi mwingine, urefu wa ndara yake, nao mafundo mawili. Utie kwenye bahasha utume siku hiyo hiyo, barua ya huko hunifikia siku ya kumi na mbili.

Usiniandikie namba. Futi ya chuma ya mkwe wetu ina namba upande huu na namba nyingine upande wa pili, na hazikubaliani. Nilijaribu kuiuliza siku nzima. Uzi hauna pande mbili. Na usiseme nitumie kipimo cha yule fundi, kwani kipimo chake hakijawahi kubeba sufuria.

Tena umtazame anavyopanda. Anaweka mguu mmoja mmoja, au anaileta yote miwili pamoja kabla ya kwenda? Mguu gani unatangulia? Nataka kujua shikizo la mkono niliweke upande gani. Akikuuliza unafanya nini na uzi, mwambie unapima zulia.

Na ukae kimya, Chiriku. Najua jina hilo hukupewa bure. Siku ya harusi yangu wewe ndiye uliyemwambia bibi harusi kwamba viatu vyangu ni vya kuazima. Lakini hili nakuomba. Usimwambie kaka amekosea, maana sijakosea, zile ngazi zilikuwa nzuri, ila zilijengewa mtu mwingine. Mwambie tu kwamba maua yamezidi, sasa yamefika mpaka ngazi ya tisa. Hilo si uongo. Nimeyapanda chini ya ukuta, pale ngazi hiyo ilipokuwa.

Nikimaliza nitazihesabu ngazi mpya. Zikitoka sitini na mbili, hesabu hiyo ni yangu na yako. Mkwe wetu asiisikie mpaka siku nazikwa.

Nisalimie shemeji yangu kinyozi, mwambie huku sijapata mkono kama wake, nimebaki na nywele kama ufagio. Nisalimie mwanao mshona nguo, na mama mkubwa, mpigie kelele kidogo kwenye sikio la kulia ndipo atakusikia. Wajukuu wote wapate salamu zao mmoja mmoja, wasipewe kwa jumla. Na wifi yako, mwambie namuulizia kuku. Wote sita.

Mungu akuweke, akulinde na mgongo huo, akupe na subira ya kunyamaza mpaka bahasha ifike. Nami anipe siku chache kavu.

Wako akupendaye, asiyechoka,
Kaka yako Mwamba

Nimeongeza hapa pembeni: ukishapima, panda ngazi hiyo wewe mwenyewe, polepole, kisha unieleze na goti lako linasemaje. Ukweli. Usinitajie maua.