Hesabu ya Fundi Saa

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mke wa mwimbaji wa bendi ya roki aitwaye Ngurumo. Kwenye bendi wanamwita Bi Harusi.
Umri: Miaka 23. Elimu: Kidato cha nne.
Kazi: Fundi cherehani, sare za shule.
Makazi: Chumba namba 6, ghorofa ya pili, nyuma ya gereji.
Yameandikwa Jumatatu tarehe 16, kuanzia saa 4:10 asubuhi.

Mimi ni mke halali wa Ngurumo tangu tarehe 2 ya mwezi huu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyowahi kunipata. Mume wangu huniamsha kwa kuniimbia sikioni, polepole, mtu yule yule ambaye jukwaani hunguruma mpaka mishipa ya shingo inasimama. Chai ananipikia yeye. Afande ameniambia twende kwenye tukio. Nakuja huko.

Bendi ina miaka mitano. Ilianzia kwenye banda la kuchomelea vyuma, ambako mume wangu alikuwa fundi. Wako watatu. Mume wangu hunguruma. Asali anapiga gitaa na kuimba kwa sauti nyororo. Fundi Saa anapiga dramu, na kazi yake ya kila siku ni kutengeneza saa za mkononi. Muziki wao wanauita metalikoa iliyochanganywa na pop-panki. Kwa maneno yangu mimi, ni ugomvi unaokatizwa na wimbo wa mapenzi. Onyesho la kwanza walirushiwa chupa, Asali akashonwa juu ya jicho. Kufikia mwaka wa tatu watu walikuwa wakilia kwenye viitikio, na mimi nikiwa mmoja wao. Hapo ndipo Ngurumo aliponiona.

Wana mchezo mmoja uliowapa jina. Katikati ya wimbo wao wa mwisho muziki hunyamaza, na Fundi Saa hugonga vijiti vyake mara nne. Kwenye pigo la nne Asali huinama, na mume wangu huzungusha stendi ya maikrofoni, ile ya chuma, ikapita juu ya kichwa cha Asali. Kisha gitaa na dramu huingia kwa kishindo na watu mbele hugongana mabega. Mume wangu huishika stendi upande wa kitako kizito, ili ncha nyepesi ndiyo ipite. Wameufanya mchezo huo miaka mitano na hata unywele haujaguswa.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa 9:30 alasiri, walikuwa na onyesho katika ukumbi wa chuo. Saa 10:15 walipumzika kwenye chumba cha nyuma, nami nilikuwamo, nikishona kifungo cha koti la mume wangu. Asali alisema, "Kaka, Jumatatu naondoka. Nimepata nafasi ya kuimba peke yangu."

Mume wangu akamjibu, "Peke yako? Wewe hata kuoga unahitaji Fundi Saa akuhesabie."

Tulicheka wote. Asali akasema, "Sitanii. Miaka mitano naimba huku nasubiri umalize kubweka." Fundi Saa akamwambia, "Asali, punguza chumvi." Asali akasema, "Hii ndiyo nimepunguza."

Mume wangu aliendelea kucheka wakati wengine tumeshaacha. Halafu akasema, "Sawa, mdogo wangu. Tuwaage watu vizuri." Akanibusu kwenye paji la uso. Niliona moyoni kuwa nimeolewa na muungwana.

Saa 10:40 walirudi jukwaani. Mimi nilikaa kwenye sanduku la vyombo, nyuma ya Fundi Saa, hatua mbili kutoka kwake. Mume wangu ndiye aliyenipangia hapo tangu tuoane, ili kila akigeuka anione. Asali alitangaza kwenye maikrofoni kwamba leo ndiyo mara yake ya mwisho. Watu wakapiga kelele, wengine wakalia. Wakaanza wimbo wa mwisho.

Saa 10:55 hivi muziki ulinyamaza. Mashabiki waliendelea kuimba kiitikio kwa nguvu, na moshi wa jukwaani ulikuwa umewafunika wapigaji mpaka kifuani. Mume wangu alinigeukia akatabasamu. Nami nikatabasamu. Akiwa bado ananitazama, aliigeuza stendi mikononi mwake, kitako kikawa juu.

Afande amenisimamisha hapa na kunifahamisha kuwa mke halazimishwi kutoa maelezo dhidi ya mumewe. Nimeelewa. Naomba maji. Nimekunywa. Naendelea.

Fundi Saa aligonga moja. Akagonga mbili. Akagonga tatu. Kwenye ya tatu mume wangu alizungusha. Asali alikuwa amesimama wima, kinywa wazi, akiimba pamoja na watu. Kitako kilimpata kwenye taya na sikio. Nilisikia mfupa. Alianguka juu ya gitaa lake, nyuzi zikalia kwenye spika, na meno mawili yaliruka hadi kwenye ngoma kubwa. Mashabiki walishangilia. Walidhani ni mchezo.

Mume wangu alimpiga tena akiwa chini, begani. Mara hiyo hakuna wa mbele aliyeona, kwa sababu ya moshi. Mimi niliona.

Ndipo akapiga magoti, akamkumbatia, akalia. Akachukua maikrofoni akasema, "Fundi Saa kakosea hesabu! Kamuua ndugu yangu!"

Mashabiki walipanda jukwaani, kama ishirini. Walimvuta Fundi Saa kwa nywele juu ya dramu zake. Mmoja alimpiga usoni kwa sahani ya shaba ya dramu hizo. Wengine walimkanyaga. Fundi Saa alikuwa akisema, "Jamani, nilikuwa kwenye tatu! Tatu!" Mwanaume mwenye fulana ya bendi aliusukuma mkono wake wa kulia sakafuni na kuuangushia spika. Nilimlalia Fundi Saa mgongoni, nikapigwa mateke kiunoni. Nilipiga kelele kwamba hesabu ilikuwa sawa. Maikrofoni alikuwa nayo mume wangu.

Nilimwambia, "Waambie waache. Watamuua."

Aliniinua kwa upole, akanifuta damu shingoni. Akasema, "Nyamaza, mpenzi. Wewe ni mke wangu."

Polisi walifika saa 11:20. Asali hajazinduka mpaka leo. Fundi Saa yuko hospitali hiyo hiyo, chini ya ulinzi wa askari kama mtuhumiwa, amefungwa pingu kitandani, vidole vinne vimevunjika. Jana nilikwenda kumwona. Aliniuliza, "Shemeji, hivi kweli niligonga nne?" Mtu anayetengeneza saa ameanza kuamini kwamba alikosea.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza mume wangu. Alikuwa akinipikia chai. Alisema, "Kaigonga ya tatu mara mbili, mimi nikasikia nne. Ukiulizwa, sema nne." Nikasema zilikuwa tatu. Akasema, "Kwenye video zote za simu vijiti havisikiki, ni kelele tupu. Aliyekaa nyuma pale ni wewe tu. Tutaanza bendi nyingine, na nyimbo zote zitakuwa zako." Alinishika uso kwa mikono miwili. Nilitamani sana kusema nne. Nililijaribu neno hilo peke yangu bafuni.

Leo asubuhi amenileta hapa mwenyewe. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, amevaa shati nililompigia pasi.

Fundi Saa hakukosea. Mume wangu aliigeuza stendi, akapiga kwenye pigo la tatu, akapiga tena. Bado nampenda. Kama hilo haliandikwi, Afande alifute.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maandishi ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake neno kwa neno na kuulizwa kama angependa kubadilisha lolote. Alisema hapana. Hakuna kilichofutwa. Saa 5:40 nilimweka mume wa shahidi chini ya ulinzi kwenye benchi la mapokezi. Hakuleta ubishi. Aliuliza mke wake amesema ngapi. Saa 5:55 askari wa zamu hospitalini ameagizwa kumfungua pingu mpiga dramu.