Kupiga Hodi kwa Bunduki

Nekesa mjukuu wangu,

Salamu kutoka Bungoma. Nyanya yako amepona mguu, sasa anagombana na kuku. Mvua imeharibu maharagwe, lakini hayo tuyaache.

Umeniuliza kuhusu mafunzo yako ya uaskari wa wanyamapori: ukishaona bunduki haina risasi, mbona mwalimu anakulazimisha kuifungua tena kila ukiishika?

Nilipokuwa fundi mpya wa bunduki Kitale, mjane mmoja kutoka Lwakhakha alituletea bunduki ya marehemu mumewe tuitengeneze. Mzee Wafula, aliyenifundisha kazi, aliifungua. Ilikuwa tupu, niliingiza kidole mwenyewe. Tukaiegemeza ukutani, tukakaa mlangoni kunywa chai. Mlango ulikuwa huo mmoja tu, na hakupita mtu.

Tuliporudi ndani akaniambia, "Piga hodi." Ndivyo alivyoita kufungua bunduki.

Nikacheka. "Si tumeangalia saa hii, Mzee?"

"Hata kwa nyumba ya mtu amekufa, si unapiga hodi?"

Nikaelekeza mtutu chini, nikafungua. Risasi ilikuwemo. Nilipoitoa ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kwenye kiganja cha mtu.

Mzee hakushtuka. Aliipokea, akageukia ule ukuta, akasema polepole, "Tumekuona, baba. Pumzika."

Basi piga hodi kila mara, mama, mtutu ukiangalia udongo na kidole kikiwa mbali na triga. Mara nyingi utakuta kimya. Sisi siku ile tulikaribishwa.

Babu yako