Kadogo Amepata Mashavu

Yaya Zaina,

Najua utanicheka, dada yangu. Barua za kwenu Kasongo zilipokuwa zinafika, ulikuwa unavuka barabara ukiwa umezifunga kwenye pindo la kikwembe, unanikabidhi, unakaa chini nikusomee. Nikianza na salamu za shangazi huyu na mjomba yule, unaniambia niruke, nifike kwenye habari. Leo ni mimi ninayekuandikia wewe, na huko uliko sijui nani atakusomea. Basi salamu naziruka.

Mtoto amenyonya.

Nimeanza na hilo kwa sababu siku zile za homa ya uzazi hukuuliza kitu kingine. Ulikuwa unafungua macho, unasema, "Mutoto alinyonya?" halafu unayafunga tena. Hakuna aliyekujibu sawasawa, maana kila aliyejaribu machozi yalimtangulia. Ukaondoka bila jibu, na jambo hilo limenikaa kooni muda wote huu. Amenyonya, Yaya. Anatembea. Juzi alivuta sufuria ya pondu akajimwagia, kwa bahati ilikuwa imepoa, akakaa katikati ya mboga akijilamba mikono. Kaa vizuri nikueleze ilivyokuwa, maana haikuwa kazi rahisi, na aliyeniponza ni wewe mwenyewe.

Uliniponza siku ile ya biberon. Nilikuwa nimemzaa Likaka, mtoto wangu wa kwanza. Kwetu Yanonge mzazi wa mara ya kwanza hashiki kazi. Mama yake anamkalisha ndani, anamkanda kwa maji ya moto, anampaka unga mwekundu wa ngola mwili mzima na kumlisha mpaka anenepe, na siku akitoka nje watu wanamwimbia. Lakini mimi nilikuwa hapa Kabondo, mke wa mwalimu, na mama yangu yuko kule mtoni anangoja boti ambayo haikuja. Chuchu zimepasuka, mtoto analia, mimi nalia. Mume wangu akatoka mbio akarudi na biberon, chupa ya kunyonyeshea, na kopo la maziwa ya unga, amefurahi kama aliyemaliza vita.

Ndipo ukavuka barabara. Tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Biberon uliiona, hukuisema. Uliniwekea sahani ya wali na samaki, ukaniambia, "Kula kwanza." Nilipomaliza ukanibonyeza ziwa kama mtu anayechagua papai sokoni, ukasema neno ambalo baadaye nilikusikia ukiwaambia wanawake wengi wa mtaa huu: "Maziwa iko. Inaogopa tu." Ile biberon ukaondoka nayo, ukaitilia mafuta ya mawese, na mpaka leo ipo jikoni kwako.

Alhamisi iliyofuata nilikaa na wanawake wengine wenye vichanga kwenye mkeka wako barazani. Nilifikiri nimekuja kufundishwa na wewe. Kumbe wewe hukumfundisha mtu. Mgeni alikula kwanza, halafu akasema shida yake, halafu ukazungusha macho kwenye mkeka ukimtafuta yule aliyetoka kwenye shida ileile karibuni, na huyo ndiye aliyesema. Nilipokuuliza kwa nini husemi mwenyewe na umenyonyesha watoto wengi hivyo, ulijibu kwamba wewe umeshasahau maumivu, na aliyesahau maumivu anasema haraka mno. Nilikasirika kidogo. Nilitaka unipe dawa, wewe ukanipa Mama Feza, mtu wa kucheka ovyo, ambaye chuchu zake zilikuwa zimepona wiki ile. Lakini alijua. Alinionyesha namna ya kumgeuza mtoto tumbo lake liguse langu, na nikaacha kulia.

Unakumbuka siku chef wa kartier, mkuu wa mtaa wetu, alipokuja? Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba wanawake wanakutana kila Alhamisi na Chama hakina habari. Akasimama mlangoni na beji yake kifuani, akauliza huu ni mkutano wa nini na nani aliutolea ruhusa. Wewe hukuinuka. Ulimwambia tu, "Papa, kaa, uone mwenyewe." Maskini, alipoangalia kulia ziwa, kushoto ziwa, akabaki anakagua paa la nyumba. Aliondoka bila kuaga. Alhamisi iliyofuata akamleta mke wake na kichanga chao, naye mama wa watu akala kwanza kama wengine.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo hukuyaona.

Siku ya msiba mtoto wako alikuwa analia chumba cha nyuma na hakuna aliyejua afanye nini. Feza akamchukua akamweka ziwani. Hakuuliza mtu, hakufikiri. Nawe unajua Feza alivyokuwa anakupapasa tumbo akisema ukizaa msichana ni mke wa mwanawe mkubwa, amekwisha kumposa, mtu asimguse. Alikuwa analia anamnyonyesha, ananyonyesha analia, na mwanawe huyohuyo amesimama pembeni.

Alhamisi ya kwanza bila wewe tulikuwa tumeshapangana. Asubuhi huyu, mchana yule, mkeka mzima ungemlea. Ndipo shemeji yako mkubwa, Tonton Ramazani, alipoingia na fimbo yake. Alitusikiliza mpaka mwisho, mzee wa adabu, halafu akatuuliza, "Bon. Mukimunyonyesha kartier muzima, ataolewa na nani?"

Sisi watu wa mto tukatazamana. Feza ndiye aliyetueleza. Kwenu Waislamu, ziwa ni damu: mtoto akinyonya kwa mwanamke, yule ni mama yake, na watoto wa yule mwanamke ni ndugu zake, hawaoani milele. Alikuwa anatueleza, na katikati ya maneno sauti yake ikakatika. Ndipo alipogundua kwamba mkwe wake amemfuta mwenyewe, kwa mkono wake, siku ya msiba. Alijifunika uso kwa kitambaa. Tulifikiri analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli. Tonton Ramazani akamngoja atulie, akamwambia amefanya vizuri, lakini iishie hapo.

Feza asingeweza kuendelea. Ana mapasa, na maziwa yake yanawatosha wale wawili kwa shida. Kwa hiyo alitakiwa mama mmoja tu. Tonton akatupitia kwa macho, akasimama kwangu. Alisema mimi ni Mkristo na watoto wangu ni wavulana, nao hata hivyo wasingemwoa, kwa hiyo hakuna kinachoharibika. Hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa kwangu, Yaya. Nimelinganishwa na wanawake wote wa Kabondo nikaonekana ndiye mwenye hasara ndogo.

Ningecheka kama nisingekuwa naogopa. Mtoto wangu wa mwisho, Lokwa, alikuwa ameshaanza kutembea. Ananyonya asubuhi kwa mazoea tu, na wiki hiyo nilikuwa nimeanza kujipaka pilipili ili aache. Nilikuwa mkavu. Na mtoto wako, wakati tunabishana, alikuwa analishwa maziwa ya kopo, leo yapo, kesho duka halina kitu, na tumbo lake linaharisha. Alikuwa amebaki macho tu.

Hata jina hakuwa nalo. Siku ya kumpa jina ilifika ikapita. Mume wako Saidi alisema, "Jina iko moja tu. Siwezi izika mara mbili." Tonton akaamua tungoje mpaka apate mashavu, na kwa wakati ule tukamwita Kadogo.

Nikanawa pilipili. Tukakaa kwenye mkeka, mahali pako pako wazi, tukazungusha macho kama ulivyokuwa unafanya, tukimtafuta aliyewahi kurudisha maziwa yaliyokwenda. Feza hakujua. Mimi sikujua. Nilianza kukukasirikia kwa kufa, nakwambia wazi. Kisha kule pembeni mke wa chef, yule asiyesema kitu, akasema kwamba yake yalikauka alipougua, na yakarudi. Tukamgeukia wote mpaka akaona haya. Akasema, "Umuache pale. Hata kitu haitoke, akae pale."

Basi akakaa pale. Asubuhi, mchana, jioni, Kadogo yuko ziwani kwangu, anavuta kidogo, hapati, anajipinda mgongo na kulia, na kijiko cha maziwa ya kopo kinamfuata ili asife njaa. Mke wa chef akanifundisha tena: nimtangulize Lokwa, maana ana nguvu ya kuvuta, halafu nimweke mdogo nyuma yake. Lokwa, ambaye nilikuwa nimemfukuza kwa pilipili, akarudi kazini kwa furaha kubwa.

Nyumba yangu sikuijua tena. Huyu anafua, yule anachota maji, mwingine analeta supu ya samaki yenye mbika, mbegu za maboga, na kila mmoja anasimama mbele yangu mpaka nimalize, akinitania kwa maneno yako, kula kwanza. Mume wangu, mwalimu mzima, alitwanga lituma ya ndizi uani, jasho linamtoka, na wanafunzi wake wanachungulia juu ya ua. Wakamcheka darasani. Akawaambia anayetaka kucheka aje ashike mchi.

Lakini siku zilikwenda na ziwa ni lilelile. Kadogo alikuwa mwepesi, ukimbeba unahisi umebeba nguo. Asubuhi moja nilimfunga nikamwambia mume wangu namrudisha kwa Saidi, siwezi kumwona akifia mikononi mwangu, mtoto wa Yaya. Mume wangu hakunizuia. Alikuwa anatafuta viatu vyake anisindikize. Na mimi nimekaa kitandani namngoja, Lokwa akapanda, akafunua blauzi akajihudumia, kama kawaida yake. Nikamwacha. Nikasema basi, na huyu mdogo aweke kinywa mara ya mwisho tuagane. Nikamweka upande wa pili.

Nikasikia anameza.

Nilidhani ni Lokwa. Nikamtoa Lokwa, akapiga kelele, nikasikiliza tena. Mlio ule mdogo kooni, Yaya, unaujua. Anameza, anapumua, anameza. Yakamjaa kinywani yakatoka pembeni ya midomo, yakanilowesha kikwembe. Mume wangu akaingia na viatu mkononi, nikamwonyesha shingo ya mtoto kwa kidole. Akatupa viatu akakimbia kwa Feza. Wakaja wote, wakasimama chumbani kwangu wakiwa kimya, watu wasiojua kunyamaza, wakisikiliza mtoto akimeza. Mke wa chef alikuwa amefunga macho. Yalikuwapo, Yaya. Yalikuwa yanaogopa tu.

Yaliyobaki ni chakula na usingizi. Mwili ukaja, kwanza mapaja, halafu mikono, halafu siku moja Feza akamtazama, akasema tazameni huyu, anafanana na mama yake akiwa amekasirika.

Sikukuu ya Idd iliyopita Tonton Ramazani akatuita sote barazani kwako, Waislamu na Wakristo, na Saidi amevaa kanzu aliyovaa siku ya harusi yenu. Tonton akamchukua Kadogo akamweka magotini, akamshika mashavu kwa vidole viwili, akavuta, mtoto akamkunjia uso. Mzee akasema, "Bon. Mashavu iko." Kisha akamtazama Saidi, na Saidi akainamisha kichwa kukubali, na mzee akasema mbele yetu sote kwamba huyu ni Zaina.

Hakuishia hapo. Akawaita wanangu, Likaka na Lokwa, akawapa kila mmoja kitambaa cha shati na fungu la nyama, akawaambia, "Munyi iko ndugu zake. Siku ya harusi yake, munyi mutakaa mbele." Likaka akanitazama kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Nilichaguliwa kwa sababu hakuna kinachoharibika, na leo wanangu wana dada Mwislamu na mimi nina kiti kwenye harusi ya Wakasongo. Nenda ukamwambie mama yangu, kama mmekutana huko. Atashangaa sana.

Mkeka tunautandika bado. Ulichakaa pembeni, mke wa chef akaushona. Mgeni anakula kwanza. Alhamisi iliyopita alikuja msichana mmoja kutoka upande wa Simi-Simi, amembeba mtoto wa dada yake aliyefariki, kifua chake kikavu, aibu imemjaa. Alipomaliza kula tukazungusha macho, na yakasimama kwangu. Nikasema polepole. Maumivu nayakumbuka bado.

Sasa nakuaga, Yaya, si kwamba maneno yamekwisha. Zaina amekwisha kuamka, nasikia anagombana na Lokwa. Nakuahidi hili: atakapojua kuuliza, sitangoja aulize mara mbili. Nitampeleka ulikolala, nitamwambia aliyemzaa ni huyu, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama wewe umenyonya. Na barua hii nitamsomea yeye, kwa kuwa wewe kusoma hujui. Salamu nitaziruka.

Jambo moja tu limenishinda. Siwezi kumwita Zaina hivihivi, kama mtoto. Ulimi unakataa. Namwita Yaya, kama nilivyokuita wewe. Jioni chakula kikiiva, naye yuko kwa baba yake, natoka mlangoni naelekea upande wa nyumba yenu, naita, "Yaya!" Siku za kwanza nilikuwa naita nikikumbuka miezi ile yote niliyoita hivyo na barabara ikanyamaza.

Sasa naita, nangoja kidogo, na kuna mtu anaitika.

Ndugu yako wa ng'ambo ya barabara,
Mama Likaka