Pamba ya Mabega ya Koti

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana ninayoandika hapa sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Mume wangu ni fundi cherehani, mtaani wanamwita Inchi kwa jinsi anavyopima na kupima tena, tunashona chumba kimoja, yeye makoti mimi sare za shule, na binti yetu wa pekee anajifungua mwezi ujao, akatuambia kwa upole kwamba muuguzi amemshauri watu wazima watakaombeba mtoto wachanjwe kifaduro, kwa sababu kikohozi ambacho kwetu ni kero tu kinaweza kumkata pumzi kichanga, na asiyechanjwa atamwona mjukuu kwa mbali. Mume wangu akasema chanjo ni za watoto, mara damu yake ni kali, mara ana kazi nyingi, lakini mimi namjua, anaogopa sindano, mtu anayeshinda nayo mkononi tangu asubuhi! Mwishowe akakubali, na siku ya kwenda zahanati mimi nilibaki kumalizia oda, akaenda peke yake, akarudi kakunja mkono wa shati, plasta mkononi, kifua mbele. Basi mafundi wa jirani wakamtania kwanza, halafu wakasema, “Kama Inchi kaenda, sisi ni nani?” wakaenda kweli, na muuza vifungo akaenda na mkewe, na binti yetu akalia kwa furaha kwenye simu. Jioni nikambandua ile plasta ili aoge, ndani nikakuta pamba ya kujazia mabega ya koti, ile ile ya dukani kwetu. Nikamtazama, akatazama ukuta. Nikisema nitamwaibisha mbele ya watu aliowavuta, nikinyamaza atambeba mjukuu wangu hivyo hivyo, na usingizi sipati. Nifanyeje?

Mke wa Inchi

Marahaba, mama. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Mumeo si mtu mbaya. Ni mwoga, na woga wa sindano wanao wengi, hata wenye misuli. Kosa lake ni kumwacha binti yake alie machozi ya furaha kwa ajili ya pamba ya koti. Njia ya mwongo ni fupi, na hii inaishia kwenye kitanda cha mtoto.

Majirani waache. Chanjo waliyopata ni ya kweli hata kama plasta ya mumeo ilikuwa ya uongo, wala hakuna haja ya kupiga mbiu mtaani. Lakini binti yenu lazima ajue, na wa kumwambia ni baba yake mwenyewe, kwa mdomo wake. Akigoma, sema wewe. Aibu ya mzee itapoa. Kichanga hatuchezi naye.

Kesho, kabla hamjafungua duka, nendeni zahanati. Msingoje, kwani mwili unahitaji kama wiki mbili kujijengea kinga. Amwambie muuguzi waziwazi, “Mimi naogopa.” Hatakuwa wa kwanza. Watamlaza akitaka, atazame pembeni, umshike mkono. Ni kufumba na kufumbua.

Nimesema nendeni, mama, si aende. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiutafuta mkono wako wewe uliochanjwa, sikuuona. Siku ile ulibaki kumalizia oda. Je, oda iliisha? Hukuandika kwamba ulikwenda baadaye, na mimi ni mtu mzima, naelewa. Huenda mzee huyo anaogopa peke yake kwa sababu hajaona mtu wa nyumbani akitangulia.

Basi tangulia. Kaa kwenye kile kiti wewe kwanza, yeye akikutazama. Mwanamume aliyevuta nusu ya mtaa kwa plasta ya uongo atashindwaje kumfuata mkewe hatua mbili? Nina imani naye, na nina imani nawe zaidi. Mtambeba mjukuu wenu wote wawili, kwa zamu, na mtagombania zamu.

Mvae mikono mifupi. Pamba msibebe, zahanati wanayo.