Bawaba Niliyoiweka Upande wa Kulia

Jumanne. Mvua imenyesha Kasese tangu asubuhi na milima haionekani kabisa. Sikufungua karakana. Nimerudi kutoka Bwera saa tisa alasiri, viatu vimejaa matope, chai imepoa hapa mbele yangu na sina hamu nayo.

Leo nimekwenda matangani kwa Paluku.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Baba alitoka Kenya kuchimba shaba Kilembe, mgodi ukafungwa, sisi tukabaki. Paluku alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, alikimbia vita akahamia Bwera na mkewe, Masika. Alinunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu lakini zima, la kupeleka sabuni na chumvi ng'ambo ya mpaka. Akaniletea nilitengenezee bampa ya nyuma. Ya dukani hakuitaka. Alitaka ya chuma kizito, yenye mahali pa kukanyaga, na mkono wa kubeba tairi ya spea, ili ndani pakae mzigo tu.

Wacha nijisifu kidogo, maana hiyo ndiyo dhambi yangu. Niliichora kwa chaki sakafuni, ukubwa wake kamili. Nilikata pembe za chini zipande juu, gari lisikwaruze kwenye vilima vya Karambi. Niliifunga kwenye fremu kwa boliti nane, sikuichomelea, ili siku ikigongwa ifunguliwe. Mkono wa tairi niliuwekea bawaba upande wa kulia. Hilo nililiwaza sana. Ukisimama kando ya barabara, mkono unafunguka kuelekea kwenye magari, wewe unabaki upande wa majani, salama.

Siku ya kumkabidhi, Paluku alilizunguka gari mara mbili, akashika bawaba, akaanza, "Lakini fundi, huu mukono..."

Nikamkata. "Hiyo nimeshaifikiria, bwana. Wewe endesha tu."

Akacheka, akanipa mkono, akaondoka.

Jamani, mpaka wa Mpondwe si uko hapa tu! Hata mtoto wa Bwera anajua kwamba ukivuka daraja unahama upande: huku Uganda tunaendesha kushoto, Kongo wanaendesha kulia. Mimi mwenyewe nimevuka pale mara ngapi! Na gari lile lilikuwa la kazi ya Kongo tangu mwanzo. Kule, bawaba yangu ilikuwa upande wa majani, na mtu wa kuufungua mkono alilazimika kusimama barabarani.

Wiki iliyopita tairi ilimtobokea mbele kidogo ya Kasindi, upande wa Kongo. Akashuka kutoa spea. Lori likampitia pale pale, mkono umefunguka nusu.

Hakuna aliyenilaumu. Mdogo wake alinipigia simu kunipa habari, na katika kulia kwake akaniambia bampa yangu ni imara kweli, haikupinda hata kidogo. Nilikata simu kabla hajamaliza.

Kwa hiyo leo nilikwenda kumwambia Masika mwenyewe, kabla sijapata nafasi ya kubadili mawazo. Nilimkuta kwenye mkeka, wanawake wa jumuiya wakisali rozari. Nikangoja wamalize. Nikamwomba tusogee nyuma ya nyumba, tukasimama chini ya mabati, nikamweleza yote: kulia, kushoto, bawaba, maringo yangu. Nilitegemea kofi. Haki ya Mungu, nililitaka.

Masika hakupaza sauti.

"Alijuaka, fundi," akasema. "Safari ya kwanza tu alirudi akaniambia, ule mukono unafungukia mubaya kule kwetu. Nikamwambia rudisha kwa fundi. Akasema ntaenda. Kila wiki, ntaenda, ntaenda." Akafuta macho kwa pindo la kitenge. "Alisema weye utakasirika."

Nikasema pole, mama.

Na ningekasirika. Siwezi kudanganya hapa. Ningemuuliza kati yetu nani fundi, ningetupa koleo chini, ningenuna mpaka jioni. Namjua huyu mtu, ndiye mimi. Kisha ningekata bawaba na kuihamishia kushoto, kazi ya nusu siku, na Paluku angevuka daraja na sabuni zake.

Kesho mdogo wake ataleta gari niihamishe bawaba, maana sasa ndiye atakayeliendesha. Nimeshapanga vifaa. Nitamngoja mlangoni, na akiwa na la kusema juu ya kazi yangu nitafunga mdomo nimsikilize mpaka mwisho.

Lakini usingizi utatoka wapi? Wangapi wengine wameona kosa langu, wakaniogopa, wakaondoka nalo barabarani?